Mukono wa Papa Mukwe

Mimi mudomo wangu hauna kufuli, na watu wa Muhumba, mutaa wetu hapa Bukavu, wanajua. Kitu kikiniuma nakisema, nikisha kusema kimeisha. Lakini kuna jambo moja nililimeza siku nyingi mpaka likanikwama mu koo sawa mwiba wa samaki, na jambo lenyewe lilikuwa nguo ya sufu isiyopita ukubwa wa kiatu. Mucheke, lakini kwanza mungoje mwisho.

Ilikuwa bado Zaïre, mwaka ule serikali iliporuhusu tena watu kuitwa majina yao ya ubatizo, yale iliyokuwa imeyakataza. Papa mukwe yangu, ambaye ku kazi walimuita jina lingine miaka yote, akawa tena Polycarpe mbele ya watu. Hakupata hata wakati wa kulifurahia. Alilala muzima, akaamuka upande mumoja umekufa. Miguu ilirudi, mudomo ukarudi, mukono wa kuume ukabaki kuning'inia. Huyu ni mutu aliyeendesha kamyo kati ya Bukavu na Uvira, aliyepanda na kushuka mulima wa Ngomo mu ukungu na mu matope bila kuangusha hata gunia moja. Sasa alishindwa kufunga kifungo cha shati yake, na Mama, muke wake, ndiye alimufungia.

Munganga alitueleza wazi, Papa mwenyewe akisikia. Vidole visipofanya kazi vitajikunja, na vikisha kujikunja kabisa hakuna atakayevifungua. Mumupe kitu anachopenda kushika, alisema, na ashike kila siku. Tulimupa mupira wa matambara. Tulimupa maharagi ayachague mu lungo. Papa aliangalia maharagi, akaangalia sisi, akaingiza mukono mu mufuko wa sweta na kusema yeye si mutoto, na kazi ya jikoni iko na wenyewe. Mukono ukakaa mule mufukoni.

Ndipo ikaja ordinatere. Constantin, mudogo wa bwana yangu Lucien, anaishi Ubelgiji, na alimutumia binti yetu Noëlla kompyuta ya michezo. Padri mumoja aliyekuwa anarudi ndiye aliibeba. Usifikiri ni ile ya ofisi. Ilikuwa sanduku bapa lenye herufi juu yake. Unaifunga ku televizyo, unaingiza kaseti, kaseti inalia sawa mbuzi mwenye njaa, unangoja mpaka unachoka, kisha muchezo unatokea. Ule Noëlla aliupenda ni wa gari linalokimbia mu barabara yenye kona nyingi. Unaliongoza na kijiti kidogo cha kushika mukononi.

Papa aliangalia kwa dharau. Noëlla akagonga kona ya kwanza, akagonga na ya pili, na muzee akashindwa kuvumilia. Akasema mutoto huyu anaua gari, hebu alete hapa. Alijaribu na mukono wa kushoto, gari likaenda porini. Basi akautoa ule wa kuume mufukoni, akaubeba na wa kushoto, akaukalisha juu ya kijiti sawa unavyokalisha mutoto ku kiti. Akagonga vizuri sana kuliko Noëlla. Akaomba tena.

Tangu hapo hatukuhitaji kumubembeleza. Kila siku baada ya chakula alikuwa mbele ya televizyo, anaongea na gari lake: hapa ni Ngomo, hapa hupiti mbio, hapa weka vitesi ya kwanza, ile gia ya mulima, wewe mupumbavu. Kidole gumba kikaanza kuamka, na viwili vinavyofuata. Ku kijiti vilitii. Ku kijiko bado. Lakini munganga alivigusa, akatabasamu, akasema tuendelee vile vile. Mimi nilirudi nyumbani nikiimba njia yote.

Sasa mama mukwe yangu, Mama Colombe. Ni mwanamuke wa kule Walungu, nje ya Bukavu, wa sala na wa kazi, na mikono yake haijui kukaa bure. Tangu bwana yake augue hakuwa analala vizuri. Alikaa kando yake na sindano ya kroshe, anafuma. Alivalisha televizyo, radio, viti na meza. Ordinatere ilipofika akaivalisha nayo kitambaa cheupe chenye maua, kimetiwa wanga wa muhogo mpaka kinasimama chenyewe. Kisha akaona ile boksi nzito inayokaa chini ku simenti, katikati ya prizi na mashine, ile inayopunguza nguvu ya umeme, inayoitwa transfo. Akaihurumia. Bukavu iko baridi, alisema, na simenti iko baridi zaidi. Akaifumia nguo ya sufu nzito, rangi ya kahawia, yenye kamba ya kufunga shingoni. Tulicheka sote, tukasema aksanti Mama, na kweli ilipendeza.

Na mujue kitu kingine: nguo za Mama hazitolewi na mutu. Adèle, dada wa bwana yangu, siku moja alitoa kitambaa cha radio akisema ni mambo ya zamani. Asubuhi Mama alifunga mizigo yake, akapanda gari la Walungu, na jamaa nzima ikamufuata huko na bia na maneno matamu ndipo akakubali kurudi. Kama binti wa tumbo lake aliona hayo, mimi niliyeingia kwa kuolewa ningetoa wapi ubavu?

Kisha picha ikaanza kutetemeka.

Unawasha, picha iko safi. Papa anapita kona za kwanza, anaanza kutukana gari lake kwa mapendo. Halafu, wakati vidole vyake vilisha kupata moto, mistari inapita juu ya televizyo, picha inapepesa sawa macho ya mutu mwenye usingizi, na barabara inaruka huku na huku. Gari linaingia mu mutaro. Ukizima, ukafanya kazi zako, ukarudi kuwasha, picha iko safi tena, na baada ya muda inakudanganya tena.

Papa alianza kwa kutukana mashine. Kisha kichwa kikamuzunguka, machozi yakamutoka juu ya ile kupepesa, na siku moja alitupa kijiti chini. Alisema mashine imekufa na tumuache naye afe pole pole. Mukono ukarudi mu mufuko wa sweta. Jioni moja nilimukuta Mama anaupakaa mafuta, anavifungua vidole kimoja kimoja kwa nguvu, na alipomaliza akageuzia uso wake ukutani. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku ile tulimupeleka hopitali, juu siku ile vidole havikuwa bado vimeamka, hatukuwa na kitu cha kupoteza mara ya pili.

Basi tukaanza kutafuta ugonjwa wa mashine. Bwana yangu Lucien ni mwalimu wa Kifaransa, na anaamini kila kitu kinatoka ku antena. Aligeuza antena upande wa ziwa, upande wa mulima, upande wa Rwanda. Nilimuambia hii mashine haihitaji antena hata kidogo, picha inatoka ndani yake yenyewe. Akasema mwanamuke hanyamazi. Alibadilisha kablo, akaazima regilatere, ile boksi ya kutuliza umeme, kwa rafiki yake, na picha ikatetemeka na kablo mupya na regilatere ya rafiki.

Mimi nikasema ni kuran, umeme wenyewe, na kuran ni jirani yetu Mama Georgette. Yule anapiga pasi nguo za watu nusu ya Ibanda, na akiweka fere, ile pasi yake, ku prizi, taa zetu zinafifia. Nikavuka uwa, nikamueleza na mudomo huu huu usio na kufuli. Alinisikiliza, akachomoa fere mbele ya macho yangu, akasema niende nikaangalie. Nilienda. Picha ilikuwa inatetemeka kuliko jana. Ilibidi nirudi kwake na sahani ya sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa, na aliila yote pole pole huku ananiangalia. Nilipokuwa mulangoni ndipo akasema kikulacho kiko nguoni mwako, Mama Noëlla, acha kutafuta kwa majirani.

Nikafikiri ananitukania jamaa. Niliondoka na kisirani changu.

Tukapeleka vitu vyote kwa Barthélemy, fundi wa televizyo pale karibu na soko la Nyawera. Mbele ya kutoka, Mama alivivua vitu nguo zake zote, kitambaa cheupe cha maua na ile ya sufu, akazikunja mu kabati. Nguo za nyumbani haziendi kutembea, alisema, zitachafuka. Barthélemy alifungua televizyo, akatoa vumbi la kutosha kupanda vitunguu, akachoma waya mumoja uliokuwa umeachia. Aliwasha, akacheza mwenyewe alasiri nzima, picha imetulia sawa maji ya birika. Tulirudi tunacheka. Mama akavalisha vitu vyake, Papa akakubali kukaa, akapita kona, akaanza kusema hapa ni Ngomo. Picha ikatetemeka. Papa aliweka kijiti juu ya meza taratibu, na ile taratibu ndiyo iliniumiza, juu mutu anayekasirika bado iko na hamu.

Barthélemy alikuja mwenyewe, akakuna kichwa, akasema mashine ni nzima, nyumba ndiyo mugonjwa. Ili kuhakikisha, Mama akavivua tena vitu nguo zake, tukabeba kila kitu mpaka kwa Mama Georgette, kuran ile ile, fere yake ikiwa ku prizi. Noëlla alicheza mpaka macho yakawa mekundu. Haikutetemeka hata mara moja. Mimi ndiye nilichomoa transfo na kuibeba kifuani kurudi nayo chini ya mvua. Ilikuwa na uvuguvugu tu, uzuri wa kubeba.

Basi nyumba yetu ikawa na jina baya. Mama alisema kuna jicho la mutu mule ndani. Akaleta maji ya baraka, akasimama mbele ya mashine iliyowashwa, na chupa imeinuliwa. Nilipiga kelele mpaka padri angesikia. Tulipatana anyunyizie mulango na madirisha, mashine ibarikiwe kwa mbali.

Kesho yake nilikuwa ninafagia salo, kile chumba cha kukaa. Noëlla alikuwa amecheza, picha ilishatetemeka, akaiacha na kutoka. Niliinua transfo na nguo yake ya sufu ili nipitishe ufagio, na nikaiachia haraka. Ilikuwa moto sawa kiazi kinachotoka mu majivu. Nilisimama pale na ufagio. Siku ile ya mvua nilikuwa nimeibeba kifuani, yenyewe uchi, baada ya jioni nzima ya kucheza, na haikuniunguza. Uchi kwa Mama Georgette. Uchi kwa Barthélemy. Hapa kwetu imevaa sufu na kufungwa kamba ya shingo.

Mungu wangu, nikasema, masikini ya Mungu inakosa hewa.

Sikuamini mpaka nijaribu. Mama alipoenda misa, nilifungua kamba, nikaivua ile nguo, nikamukalisha Noëlla acheze. Misa ilikuwa ndefu, na picha haikupepesa. Niliposikia Mama anapiga hodi ku jirani, niliivalisha haraka, nikafunga kamba, nikashika ufagio sawa mutu anayefagia.

Sasa nilijua, na kujua kukawa muzigo. Nilimuambia Lucien chumbani. Akakohoa. Akasema ni kweli, ni kweli kabisa, lakini tungoje wakati muzuri. Ule wakati muzuri wa bwana yangu naufahamu, hauna tarehe. Nilitaka kumuambia Mama mwenyewe. Mara nyingi nilifungua mudomo, na kila mara nilimuona na sindano yake, macho mekundu ya kukosa usingizi, na nikafikiri: nitamuambiaje mwanamuke huyu kwamba ndiye, na huruma yake, anayefunga mukono wa bwana yake? Heri angekuwa mubaya. Mutu mubaya nampatia yake siku hiyo hiyo.

Na vidole vilikuwa vinajikunja. Siku Mama alishindwa kuvifungua bila Papa kusaga meno, nikasema basi.

Nilimukuta Papa ku baraza, anaangalia barabara. Nilikaa chini ku ngazi, sawa inavyomupasa muke wa mutoto wake, nikasema niko na swali ya kamyo. Alishangaa. Tangu augue hakuna mutu aliyemuuliza swali ya kamyo.

"Kama mutu anafunika radiatere na blanketi, Papa, kisha anapanda Ngomo na muzigo, itakuwa namna gani?"

"Kwanza itaenda vizuri. Kisha motere itapata moto, itakosa nguvu, itaanza kutetemeka. Akisimama ipoe, itaenda tena kidogo." Akanigeukia. "Mupumbavu gani anafunika radiatere?"

"Si mupumbavu, Papa. Ni mutu wa huruma. Aliona kamyo iko na baridi."

Mulango wa salo ulikuwa wazi, na toka pale Papa alipokaa, ile nguo ya kahawia ilionekana vizuri chini ku simenti. Aliiangalia muda murefu. Kisha akaniambia niende kuangalia chungu yangu, na nikaenda.

Alasiri ile mvua ilinyesha, sote tulikuwa mu salo. Mama anafuma, Lucien anasahihisha kazi za wanafunzi, mimi ninashona kifungo. Papa akamuambia Noëlla awashe mashine. Tuliinua vichwa. Aliushika kijiti kwa shida, vidole vilikuwa vimesha kusahau, akagonga, akagonga tena, akapita kona moja, akapita nyingine. Hakuongea na gari. Alikuwa anangoja. Na mistari ikaja, picha ikapepesa, barabara ikaruka.

Safari hii hakutupa kitu. Aliweka kijiti, akainama kutoka ku kiti chake, akanyoosha mukono mpaka chini. Nilifikiri ameanguka, nikasimama, Lucien naye. Alikuwa anashika ile kamba ya sufu. Ilimuponyoka. Aliishika tena, ikamuponyoka tena.

"Polycarpe," Mama akasema, "unafanya nini na nguo yangu?"

Alikuwa amesha kuinuka nusu, sindano mukononi, na uso wake ulikuwa ule wa siku ya Adèle. Nikaona mizigo imefungwa, nikaona gari la Walungu. Kisha Mama akaona kile mimi nilikuwa nakiona: mukono wa kushoto wa Papa ulikuwa umeshikilia kiti asianguke. Ule uliokuwa unavuta kamba ni mukono wa kuume.

Mama akarudi kukaa. Hakuna aliyemusaidia, hata Noëlla, na sijui nani alimufundisha. Kidole gumba na viwili vile vilibana kamba, vikavuta, fundo likaachia. Akashika sufu, akaivuta pole pole mpaka transfo ikabaki uchi ku simenti. Aliinuka nayo jasho linamutoka, nguo ya kahawia inaning'inia mu vidole ambavyo tangu augue havikushika kitu kingine ila kijiti.

"Ilikuwa inachemka, Colombe," akasema. "Uliivalisha sana."

Aliinyoosha kwake na mukono ule ule. Mama aliipokea, akasikia moto wake, akaifunga mu mikono miwili. Nyamuzinda, alisema kwa sauti ndogo, jina la Mungu kwa lugha yao ya kule Walungu, na machozi yakaanguka na hakuyaficha ukutani. Mimi nililia wazi. Lucien aliangalia makaratasi yake, na mbele yangu asiseme eti hakulia.

Kisha Mama akasimama, akapiga magoti mbele ya bwana yake, akaushika ule mukono na kuuvalisha nguo ya sufu iliyo bado na moto. Iliuenea sawa kwamba alikuwa amechukua kipimo chake. Akafunga kamba ku kifundo.

"Basi huyu ndiye alikuwa na baridi," akasema.

Papa alimuachia kidogo. Aliuangalia mukono wake umevaa sawa mutoto wa ubatizo. Kisha akaelekeza kidevu ku televizyo, ambako picha ilianza kutulia.

"Toa hii kitu, Colombe. Niko naendesha."

Mama akacheka. Nilikuwa nimesha kusahau kicheko chake kiko namna gani. Akaitoa, na Papa akarudi mu barabara yake, anagonga na kutukana, mpaka mvua ikakatika na Mama Georgette akachungulia dirishani kuuliza nani amekufa au nani ameoa.

Miezi ilipita ndipo Papa akafunga kifungo chake mwenyewe, na siku hiyo alikifunga mu tundu lisilo lake, na tulimuacha atoke hivyo hivyo mpaka kanisani. Ile nguo ya kahawia haikurudi ku transfo. Usiku alilala nayo mukononi, na mchana ilikaa mu mufuko wa sweta.